Dakika 13 zilizoihamisha Pasaka: kalenda ya Wayahudi inavyohesabiwa na ilivyogombewa

Katika machipuko ya mwaka 922 Wayahudi wa Palestina waliingia Pasaka siku ya Jumapili. Ndugu zao wa Babeli, yaani Iraki ya makhalifa wa Kiabbasi, waliingia Jumanne. Torati ni ileile, mwezi angani ni uleule, na kila upande ulikuwa na mabingwa wake wa hesabu. Miezi michache baadaye wakaachana tena: Elias wa Nisibis, askofu Mkristo aliyekuja kuandika habari za miaka ile, anasema Wayahudi wa magharibi walianza mwaka wao Jumanne na wa mashariki Alhamisi. Ukiufuata uzi wa ugomvi huo hadi mwisho, unakuta dakika 13 na sekunde 10. Tena si dakika za mwezi wa mwaka ule. Ni za mwezi uliokuwa haujazaliwa bado, wa Septemba 923.

Wengi wakisikia kalenda ya Wayahudi hudhani ni orodha ya tarehe iliyoshuka pamoja na Torati. Sivyo. Ni mtambo uliojengwa kipande kwa kipande kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ndani ya kila kipande limejificha swali moja: nani mwenye kauli ya mwisho ya kusema leo ni tarehe mosi? Msomaji wa pwani aliyewahi kulala hajui kama kesho ni Idi au ni funga, kwa kuwa mwezi umeonekana kwingine na kwao haujaonekana, swali hilo halihitaji kuelezwa.

Mwezi na jua havipatani

Kutoka kuandama kwa mwezi hadi kuandama kwingine ni siku 29 na nusu na ushei. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 na saa kama 9. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Kila mwaka, basi, miezi 12 inapungukiwa na karibu siku 11.

Waislamu wameliacha pengo hilo lilivyo. Kurani imekataza kuongeza mwezi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote na kurudi ilipoanzia baada ya miaka 33 hivi. Kalenda iliyoko ukutani kwako nayo imeuacha mwezi kabisa na kulifuata jua. Wayahudi hawakuweza kuacha chochote. Pasaka huanza tarehe 15, mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo lazima miezi ihesabiwe kwa mwandamo. Lakini Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inaamuru kuutunza mwezi wa Abibu, na Abibu ni hali ya shayiri: masuke yamejaa ila hayajakauka. Siku ya pili ya Pasaka mganda wa shayiri mpya ulipelekwa Hekaluni. Ukiiacha miezi ijiendee, kwa miaka mitatu Pasaka imerudi nyuma siku 33, shayiri shambani bado ni majani, na mganda wa kupeleka haupo.

Kwamba watu wa nchi ile waliusoma mwaka shambani kabla ya kuusoma kitabuni, ushahidi upo. Mwaka 1908 huko Gezer kilifukuliwa kibao kidogo cha chokaa cha karne ya 10 KK, ambacho leo kiko Istanbul. Kinaorodhesha miezi miwili ya kukusanya mazao, miwili ya kupanda, miwili ya kupanda kwa kuchelewa, mmoja wa kitani, mmoja wa kuvuna shayiri, mmoja wa kuvuna na kupima, miwili ya kupogoa mizabibu na mmoja wa matunda ya kiangazi. Jumla 12. Majina ya kale ya miezi katika Biblia yamebaki manne tu: Abibu, Zivu, Ethanimu na Buli. Haya yanayotumika leo, Nisani, Tishri, Kislevu, Adari na wenzao, ni ya Kibabeli, na Talmudi yenyewe, yaani mkusanyiko wa mijadala ya marabi, inakiri kwamba yalipanda na watu waliporudi kutoka uhamishoni. Mmoja wa miezi hiyo, Tamuzi, una jina la mungu wa Kibabeli. Hakuna aliyejisumbua kulibadilisha.

Walikuwapo waliotaka kuukwepa ugomvi huu wote. Hati zilizogunduliwa kuanzia 1947 mapangoni Qumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, zina kalenda ya siku 364. Namba hiyo inavutia kwa sababu inagawanyika kwa saba bila baki: wiki 52 kamili, robo nne za siku 91, na kila sikukuu huangukia siku ileile ya wiki milele. Kasoro yake ni kwamba jua halikushauriwa. Siku moja na robo hupotea kila mwaka, na baada ya miaka 30 Pasaka imeteleza siku 37. Hata hesabu ya Nairuzi ya pwani yetu, yenye siku 365 zilizogawanywa kwa miongo, huteleza siku moja tu kila miaka minne. Na kalenda tofauti haikuwa jambo la kitabuni. Hati mojawapo ya Qumrani inalalamika kwamba yule wanayemwita Kuhani Mwovu alimvamia kiongozi wao katika Siku ya Upatanisho. Kuhani asingeweza kusafiri kwenda kumsumbua mtu siku hiyo kama ingekuwa Siku ya Upatanisho kwake pia.

Mashahidi mbele ya baraza

Kabla ya hesabu kutawala, mwezi ulitangazwa na baraza la wanazuoni kwa ushahidi wa macho. Mishna, kitabu cha sheria za marabi kilichokusanywa mwanzoni mwa karne ya 3 BK, inaeleza utaratibu wake kwa undani ambao mwanasheria yeyote ataupenda. Siku ya 29 jioni watu walitazama magharibi. Aliyeuona mwezi alikwenda Yerusalemu, hata ikiwa ni Sabato ambayo safari ndefu imekatazwa, na akipata mwenzake wa kuthibitisha ni bora zaidi kwa sababu ushahidi ni wa wawili. Walipokelewa katika ua mkubwa ulioitwa Beit Yaazek na kuandaliwa karamu nono. Karamu ilikuwa na sababu: usipomtunza shahidi leo, mwezi ujao atakaa kwake.

Waliingizwa jozi kwa jozi kwa kufuata walivyofika. Katika jozi, mkubwa alihojiwa kwanza peke yake: Uliuona mbele ya jua au nyuma yake? Kaskazini yake au kusini? Ulikuwa juu kiasi gani? Uliinamia wapi? Una upana gani? Kisha akaitwa wa pili, na maneno yakilingana ushahidi ulikubaliwa. Swali la kwanza ndilo mtego wenyewe. Mwezi mwandamo hulielekezea jua upande wake uliobinuka, pembe zake zikitazama mbali. Anayesema pembe zilielekea kwenye jua hakuona kitu. Rabban Gamliel, mjukuu wa yule Gamalieli wa Matendo ya Mitume, alitundika ukutani picha za maumbo ya mwezi, akawa anawauliza wasio na maneno mengi: uliona hivi, au hivi? Wacheza kamari, wakopeshaji kwa riba na warusha njiwa wa mashindano hawakukubaliwa kuwa mashahidi.

Ushahidi ukikubaliwa, mkuu wa baraza alisema "Umetakaswa!" na watu wote wakaitikia mara mbili. Siku hiyo ya 30 ikageuka kuwa tarehe mosi. Asipotokea shahidi, mwezi uliopita ulijazwa siku 30 na tarehe mosi ikawa kesho yake. Hakuna mwezi wa siku 28 wala 31, kwa hiyo hata mawingu ya wiki nzima hayawezi kuharibu zaidi ya siku moja kwa mwezi.

Kulikuwa na hujuma. Waboethusi, kundi lililokuwa na hesabu yake ya sikukuu, walikodi mashahidi wawili. Mmoja wao hakuwa mtu wao. Alipoulizwa aliuonaje mwezi, alijibu kwamba alikuwa akipanda kilima cha Adumimu akaukuta umejikunyata kati ya miamba miwili, kichwa kama cha ndama, masikio kama ya mwanambuzi, mkia umeufyata mapajani, akaogopa akaanguka chali. Na kama hamniamini, hizi hapa dinari 200 zimefungwa kwenye nguo yangu. Baada ya hapo baraza lilidai shahidi asiyejulikana aje na mtu wa kumthibitisha.

Moto wa mlimani

Mwezi ukishatangazwa Yerusalemu, aliye mbali atajuaje? Kwa moto. Mafungu ya mbao za mierezi, matete na utambi wa kitani yalifungwa kwenye ncha ya mti mrefu kwa kamba. Mtu alipanda nao Mlima wa Mizeituni, akauwasha, akaupunga huku na huko, juu na chini, hadi aone mwenzake akipunga kwenye kilele cha pili, Sartaba, juu ya bonde la Yordani. Kutoka hapo Grofina, kutoka Grofina Haurani, kutoka Haurani Beit Baltin, ambapo mpungaji hakuacha hadi nchi ya uhamisho mbele yake ionekane kama moto mmoja.

Moto uliwashwa kwa mwezi wa siku 29 tu. Giza lilikuwa na maana yake: mwezi umejaa 30. Mpangilio huo unapunguza kazi kwa nusu, lakini ndiko ulikovunjikia. Mishna inasema Wasamaria waliwasha moto siku isiyo yake, na mfumo ambao kimya ni sehemu ya ujumbe hauna kinga dhidi ya mtu mmoja mwenye kijinga cha moto. Baraza likaacha moto, likatuma wajumbe.

Mjumbe ni mwaminifu ila ana miguu miwili. Kutoka tarehe mosi Tishri, yaani mwaka mpya, hadi Sikukuu ya Vibanda tarehe 15, ukitoa Sabato, mwaka mpya na Siku ya Upatanisho, anabaki na siku kama 10 za kutembea. Kwa kilomita 40 kwa siku ni kilomita 400. Babeli iko mbali zaidi ya mara mbili. Watu wa huko walikuwa na uhakika wa jambo moja tu: mwezi uliopita ulikuwa wa siku 29 au 30. Wakazishika siku zote mbili. Ndiyo maana hadi leo Wayahudi wengi wa nje ya Israeli wanafanya siku mbili sikukuu za Torati ambazo Israeli hufanyika siku moja, isipokuwa Siku ya Upatanisho. Mwaka mpya, kwa kuwa ni tarehe mosi yenyewe, ni siku mbili hata Yerusalemu, kwani hapo mjumbe hana hata saa moja ya kuwahi.

Kosa likitangazwa

Yerusalemu iliharibiwa mwaka 70 na baraza likahamia Yavne. Huko walikuja mashahidi wawili waliodai waliuona mwezi usiku wake, lakini usiku uliofuata, ambao ungepaswa kuwa mnene na wa juu zaidi, haukuonekana. Rabban Gamliel aliwakubali. Mwanazuoni Dosa ben Harkinas akapinga: utasemaje mwanamke amejifungua na kesho tumbo lake bado liko kati ya meno yake? Rabbi Yehoshua, mmoja wa vichwa vikubwa vya kizazi chake, akamuunga mkono.

Kwa kanuni za anga Dosa alikuwa sahihi. Gamliel hakumjibu kwa hoja za anga. Alimpelekea Yehoshua amri: njoo kwangu na fimbo yako na fedha zako katika siku ambayo kwa hesabu yako ni Siku ya Upatanisho. Kubeba fedha siku hiyo ni kuinajisi. Rabbi Akiva akamtuliza kwa aya ya Walawi isemayo sikukuu ni zile "mtakazozitangaza": kwa wakati wake au si kwa wakati wake, sikukuu ni ile iliyotangazwa. Yehoshua akachukua fimbo na fedha, akaenda Yavne. Gamliel alisimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa hekima na mwanafunzi wake kwa kukubali neno lake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mtambo wote. Tarehe mosi haikuwa jibu la swali kuhusu anga bali hukumu ya baraza, na hukumu husimama hata hakimu akikosea. Ni msimamo mgumu, lakini mbadala wake ni kila mji kuwa na Pasaka yake.

Mwezi wa 13 nao uliamuliwa kwa hukumu. Baraza lilitazama alama tatu: shayiri, matunda ya miti, na siku ambayo mchana na usiku hulingana. Alama mbili zikichelewa, Adari ya pili iliongezwa kabla ya Nisani, mwezi wa Pasaka. Imehifadhiwa barua kwenda kwa walio mbali inayosema kwamba wanakondoo bado wachanga, makinda ya njiwa bado laini, na shayiri haijakomaa, basi mwandishi ameona vyema kuongeza siku 30 mwaka huo. Karne ya 2 mwanazuoni Hananiah alipoanza kuongeza miezi akiwa Babeli, Palestina ilituma watu wawili kumzuia, na hoja yao haikuwa kwamba amekosea hesabu. Waliuambia mkusanyiko wake: basi jengeni na madhabahu yenu.

Hesabu inachukua usukani

Hesabu ilikuwapo zamani. Wababeli waligundua kabla ya 432 KK, mwaka ambao Meton wa Athene anasifiwa kwa jambo hilohilo, kwamba miaka 19 ya jua inakaribiana mno na miezi 235 ya mwandamo. Miaka 19 ya miezi 12 ni miezi 228, hivyo inatakiwa miezi 7 ya ziada. Kwa Wayahudi miaka mirefu ni wa 3, 6, 8, 11, 14, 17 na 19 ya kila mzunguko. Gawa namba ya mwaka wa Kiyahudi kwa 19 utazame baki: 5784 inabaki 8, kwa hiyo mwaka wa 2023/24 ulikuwa na Adari mbili.

Urefu wa mwezi umewekwa kuwa siku 29, saa 12 na sehemu 793. Saa moja ina sehemu 1,080, kila sehemu sekunde 3 na theluthi, kwa hiyo sehemu 793 ni dakika 44 na sekunde 3 na theluthi. Ni kipimo kilekile cha wanajimu wa Babeli, na wastani unaopimwa leo unatofautiana nacho kwa takriban nusu sekunde.

Mapokeo husema kalenda hii ilitangazwa na Hillel wa Pili, mkuu wa baraza huko Palestina, mwaka 358 au 359. Siamini kwamba ilitoka ikiwa kamili siku hiyo. Mawe ya makaburi ya Zoari, kusini mwa Bahari ya Chumvi, ya karne ya 4 hadi ya 6, yana tarehe zisizolingana na hesabu ya sasa. Barua ya kiongozi wa Wayahudi wa Babeli, iliyopatikana katika ghala la karatasi kuukuu la sinagogi la Kairo ya kale, inaiweka Pasaka ya 836 siku ya Jumanne. Kanuni za leo zingeiweka Alhamisi. Kwa hiyo karne tano baada ya Hillel kipande kimoja kilikuwa hakijakazwa.

Kipande hicho ni kanuni za kusogeza. Unapata kwanza saa ya moladi, yaani kuzaliwa kwa mwezi wa Tishri kwa hesabu, na siku hiyo ndiyo mwaka mpya, isipokuwa katika hali hizi. Ikiangukia Jumapili, Jumatano au Ijumaa, sogeza siku moja. Mwaka mpya ukianza Jumatano au Ijumaa, Siku ya Upatanisho inagusana na Sabato, na kukaa siku mbili mfululizo bila kazi kulileta shida ambazo Talmudi inazitaja bila haya: mboga zinanyauka na maiti hazizikwi. Jumapili inaepukwa ili siku ya saba ya Vibanda, yenye desturi ya kupiga matawi, isiwe Sabato. Pili, moladi ikifika saa sita mchana au baadaye, sogeza, kisha ukikanyaga siku iliyokatazwa sogeza tena.

Kanuni mbili za mwisho ni za kuziba nyufa. Maarufu inaitwa Gatrad, na jina ni namba tupu kwa herufi za Kiebrania: siku ya 3, saa ya 9, sehemu 204. Mwaka wa miezi 12 ukiwa na moladi ya Jumanne kuanzia saa hiyo, moladi ya mwaka unaofuata itakuwa Jumamosi saa sita mchana au baadaye, itasukumwa hadi Jumatatu, na mwaka uliopo utakuwa na siku 356. Urefu unaoruhusiwa ni 353, 354 au 355, na kwa mwaka mrefu 383, 384 au 385. Basi Jumanne inasogezwa hadi Alhamisi, na siku hizo hupokelewa na miezi miwili tu inayonyumbulika, Marheshvani na Kislevu, ambayo huwa na siku 29 au 30.

Sasa turudi 922

Moladi ya Tishri mwaka 922 ilikuwa Jumanne, saa 9 na sehemu 441. Ukitoka mwaka wa miezi 12 kwenda unaofuata unaongeza siku 4, saa 8 na sehemu 876. Unapata Jumamosi, saa 17 na sehemu 1,317, yaani saa 18 na sehemu 237. Siku ya Kiyahudi huanza magharibi kama usiku wetu wa kuamkia, kwa hiyo saa 18 ni saa sita mchana. Mwezi wa Septemba 923 ungezaliwa sehemu 237 baada ya saa sita mchana: dakika 13 na sekunde 10.

Kwa Babeli mpaka ulikuwa saa sita kamili. Mwaka mpya wa 923 hauwezi kuwa Jumamosi, Jumapili imekatazwa, ni Jumatatu. Basi mwaka mpya wa 922 hauwezi kuwa Jumanne, maana utatoa siku 356; ni Alhamisi. Basi mwaka unaoendelea, ulioanza Alhamisi katika vuli ya 921, lazima uwe na siku 385. Siku mbili za ziada zinaingia Marheshvani na Kislevu, kabla ya Pasaka. Pasaka inasukumwa kutoka Jumapili kwenda Jumanne.

Aaron ben Meir wa Palestina alishikilia kwamba kwa mapokeo ya wazee wake mpaka uko sehemu 642 baada ya saa sita, karibu dakika 36. Kwa mpaka huo sehemu 237 si kitu, mnyororo mzima haufyatuki, na mwaka unabaki na siku 383. Aliitangaza Pasaka ya Jumapili kutoka Mlima wa Mizeituni, palepale moto ulipowashwa zamani, na mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Hoja yake nzito ilikuwa ileile ya wakati wa Hananiah: kutangaza mwaka ni haki ya Nchi ya Israeli.

Aliyemjibu kwa nguvu zaidi alizaliwa Afrika: Saadia, mtu wa Fayyum huko Misri, aliyekuja kuongoza chuo cha Sura huko Babeli mwaka 928. Barua zilivuka jangwa zikiwa na hesabu nusu na matusi nusu. Babeli ilishinda, na vipande vya mzozo huo vimetufikia kwa sehemu kubwa kupitia ghala lile la Kairo.

Jaribu mwenyewe

Anayetumia saa za Kiswahili ana faida hapa, kwa kuwa saa ya kalenda hii nayo huanza kuhesabiwa jioni: saa 2 ya usiku ni saa mbili yetu. Kwenye siku tahadhari, maana sisi huita Jumamosi ya kwanza na wao huanzia Jumapili. Jumanne yetu, yenye nne ndani yake, kwao ni siku ya 3. Ukichanganya hapo, kila kanuni ya kusogeza itaangukia pasipo pake.

Moladi ya Tishri 5787 ni Jumamosi, saa 2 na sehemu 1,063. Hakuna kanuni inayoigusa, kwa hiyo mwaka mpya ni Jumamosi, Septemba 12, 2026. Gawa 5787 kwa 19: inabaki 11, mwaka mrefu. Kwa mwaka mrefu ongeza siku 5, saa 21 na sehemu 589. Sehemu zinakuwa 1,652, yaani saa 1 na sehemu 572. Saa zinakuwa 24, siku moja kamili. Siku: 7 na 5 na 1 ni 13, toa 7, inabaki 6, Ijumaa. Ijumaa imekatazwa, mwaka mpya wa 5788 ni Jumamosi, Oktoba 2, 2027. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 385 barabara. Siku ya kwanza ya Pasaka huwa siku mbili za wiki nyuma ya mwaka mpya unaofuata: Alhamisi, Aprili 22, 2027.

Aprili 22 ni kuchelewa, na hapo ndipo penye ufa ambao haujazibwa. Miezi 235 inaizidi miaka 19 ya jua kwa takriban saa mbili na dakika tano. Kwa mwaka ni kama dakika 6 na nusu, siku moja kila miaka 216. Tangu zama za Hillel wa Pili zimepita siku saba na ushei, na hazirudi. Mwaka 2024 mwezi mpevu wa Machi 25 ulikuja siku tano baada ya mchana na usiku kulingana. Kwa maana ya zamani ungetosha kuwa wa Pasaka. Kalenda iliufanya kuwa wa Purimu, sikukuu ya mwezi mmoja kabla ya Pasaka, na Pasaka ikangoja hadi Aprili 23.

Hesabu ya kurekebisha ni nyepesi. Mwanafunzi wa sekondari ataifanya kwa mchana mmoja. Wakaraiti, waliokataa hesabu na kurudi kwenye shayiri na mwandamo, nao walikwama: waliokaa mbali na mashamba ya Palestina hawakuweza kungojea habari za masuke, wakaishia kuazima mzunguko wa miaka 19. Kwa Wayahudi wengine, kubadilisha mwaka mmoja mrefu kunahitaji baraza lenye mamlaka kama la Rabban Gamliel, na baraza hilo halijakaa tangu karne ya 5.